Namna ya Kuitambua Falsafa Yako ya Elimu: Mwongozo kwa Mwalimu Anayeanza

"Shikamoo mwalimu. Tumeambiwa tuandike falsafa yetu ya elimu, ukurasa mmoja, mwisho Ijumaa. Naomba unitumie ya kwako niangalizie."

Ujumbe wa namna hii hunijia kila mwaka, tena kwa misimu kama mvua. Wanaanza wanachuo wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha, wale wa Marangu, Mandaka, Patandi na Monduli, na wa Mwenge hapa Moshi. Wanafuata walimu wanaojitolea au wanaotafuta kazi katika shule za mchepuo wa Kiingereza za Moshi na Arusha, ambako fomu ya maombi huwa na kisanduku cha kueleza falsafa yako. Maswali ni yaleyale: nianzie wapi, nichague nadharia ipi, niandike nini ili wanipende.

Marahaba. Ya kwangu sikutumii, na sababu si uchoyo. Imetoka kwenye madarasa yangu na makosa yangu, kwa hiyo ukiinakili, swali la kwanza la usaili, "tupe mfano," litakuumbua. Na ukweli ni kwamba falsafa unayo tayari. Imo kwenye madaftari uliyosahihisha jana, kwenye jina unalolitaja kwanza ukiuliza swali, na kwenye neno linalokutoka mtoto akikosea. Mwongozo huu unakusaidia kuitoa huko iliko, uitazame, uamue kama unaitaka.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Madaftari matano ya wanafunzi, uliyoyasahihisha mwenyewe. Mawili ya wanaofanya vizuri, mawili ya wanaosuasua, na moja la mtoto ambaye jina lake halikujii haraka. Hilo la tano ni la muhimu kuliko yote.
- Maandalio yako ya somo ya wiki mbili, pamoja na zile sehemu za mwisho za tathmini na maoni ambazo wengi wetu hujaza kwa haraka.
- Daftari jipya, la bei ndogo tu.
- Simu inayorekodi sauti, na ruhusa ya mwalimu mkuu. Usirekodi darasa kwa siri hata kama nia yako ni njema.
- Mwalimu mwenzako mmoja ambaye anaweza kukwambia ukweli na kesho mkanywa chai pamoja.
- Wiki mbili. Kama mwisho wako ni Ijumaa hii, fanya hatua ya 1, 3 na 7, halafu nyingine uzirudie ukiwa na nafasi.

Vitabu vya nadharia viweke kando kwanza. Tutavihitaji kwenye hatua ya 6, na kwa muda mfupi.

Kama hujawahi kusimama mbele ya darasa, bado una pa kuanzia: umefundisha tuisheni mtaani, Sunday school, madrasa, au umemwelekeza mdogo wako KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) mezani nyumbani. Unapoyakumbuka hayo, hapo ndipo darasa lako.

Hatua ya 1: Waandike walimu wawili waliokufundisha

Mmoja ni yule unayetamani kuwa kama yeye. Wa pili ni yule uliyeapa hutafanana naye. Kwa kila mmoja andika tukio moja tu, siku moja, kama lilivyotokea. Usiandike sifa. "Alikuwa mpole na mwenye upendo" haitakufikisha popote, kwa sababu haionyeshi alifanya nini.

Nikupe langu. Darasa la sita, Kibosho, kipindi cha vipimo. Mwalimu wetu wa hisabati alitutoa nje akatupeleka kwenye mfongo uliopita nyuma ya shule, ile mifereji ya asili inayoshusha maji ya mlimani hadi mashambani. Tukapima mita kumi ukingoni kwa kamba. Akakata kipande cha jani kavu la mgomba akakitupa majini, na mwenzetu mmoja akashika saa ya mwalimu. Mara ya kwanza kilipita kwa sekunde 22. Mara ya pili 19. Mara ya tatu kilinasa kwenye mzizi, tukabishana kama tuihesabu au tuitupe. Mwalimu alituuliza: "Sasa mtaandika ipi?" Akanyamaza. Hakutujibu mpaka kengele ikalia, na siku ya pili alitaka kila kundi litetee jibu lake.

Yule wa pili alikuwa akisoma matokeo ya jaribio kwa sauti, kuanzia wa mwisho kwenda wa kwanza, na kila aliyesomwa alisimama. Simtaji. Ninakumbuka miguu ya rafiki yangu ikitetemeka chini ya dawati kabla jina lake halijafikiwa, maana alijua kwamba lazima litakuwa karibu.

Ukishaandika matukio yako mawili, chini ya kila moja jaza sentensi hii: *Mwalimu huyu aliamini kwamba mtoto ni ___.* Wa kwanza wangu aliamini mtoto anaweza kubeba swali lisilo na jibu la haraka. Wa pili aliamini mtoto husogea akiona aibu. Hapo umeshapata falsafa mbili zikiwa uchi, bila jina la mwanafalsafa yeyote.

Hatua ya 2: Hesabu na usikilize

Hatua hii wengi huiruka, kisha wanalalamika kwamba maandishi yao hayana uhai.

Chora ramani ya darasa lako kwenye karatasi: kila dawati kisanduku, kila mtoto nukta. Mwombe mwenzako akae nyuma kwa kipindi kimoja cha dakika 40, na kila unapomuuliza mtoto swali aweke alama kwenye nukta yake. Hahitaji kutoa maoni yoyote. Aweke alama tu.

Mimi nilifanyiwa hivyo nikifundisha darasa la tano Arusha, upande wa Sombetini, watoto 74 ndani ya chumba kimoja. Nilikuwa nimeandika kwenye faili langu kwamba ninampa kila mtoto nafasi sawa. Karatasi ilirudi na alama 31. Ishirini na mbili zilikuwa za watoto saba wa madawati matatu ya mbele. Upande wa dirishani, nyuma, madawati manne hayakuwa na alama hata moja. Nilikaa na ile karatasi ofisini mpaka walimu wote wameondoka. Nilichoandika kwenye faili hakikuwa uongo wa makusudi, nilikiamini kabisa. Ila mikono yangu darasani ilikuwa na imani nyingine: kwamba somo linaenda vizuri likienda haraka, na watoto wa mbele ndio waliolifanya liende haraka.

Siku nyingine rekodi sauti ya kipindi kimoja, uisikilize peke yako. Sikiliza mambo matatu.

La kwanza, ukimya. Ukiuliza swali unasubiri muda gani kabla hujalijibu mwenyewe au kumrukia mwingine? Mtafiti wa Kimarekani Mary Budd Rowe, katika kazi alizochapisha miaka ya 1970, alionyesha kuwa walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu, na wakijizuia hadi tatu, majibu ya wanafunzi hurefuka na wengi zaidi hujitokeza. Pima yako kwa saa.

La pili, unasema nini baada ya jibu lisilo sahihi. "Kaa chini"? "Nani amsaidie"? "Umefikaje hapo"? Kila moja ina imani yake.

La tatu ni ule wimbo wetu wa kumalizia neno. "Damu inasukumwa na mo...?" Darasa zima: "Yo!" "Unaitwa mzungu...?" "Ko!" Mimi nimelelewa na wimbo huu na bado hunitoka. Una faida ya kuamsha darasa saa nane mchana. Lakini ukisikia kwenye rekodi yako kwamba nusu ya maswali yote ni ya kumalizia silabi, basi imani yako ya vitendo ni kwamba kujifunza ni kuitikia.

Angalizo: usibadilishe chochote kwenye kipindi cha kwanza cha kupimwa. Ukiandaa somo la maonyesho kama lile la siku ya mdhibiti ubora, utapima maonyesho.

Hatua ya 3: Soma kalamu yako nyekundu

Fungua yale madaftari matano. Usiangalie kazi ya mtoto, angalia maandishi yako. Nakili kila neno uliloandika kwa wino mwekundu kwa muda wa mwezi mmoja, halafu ligawe kwenye mafungu matatu: yanayohusu juhudi ("Ongeza bidii", "Jitahidi"), yanayohusu unadhifu ("Mwandiko mbaya", "Piga mstari"), na yanayohusu kazi yenyewe, yaani yanayomwonyesha mtoto amekosea wapi au amefaulu wapi.

Kwangu fungu la tatu lilikuwa karibu tupu.

Kuna daftari moja sitalisahau. Binti wa darasa la nne, hesabu kumi za kutoa, makosa kumi. Nilikuwa nimepiga mikasi kumi na kuandika chini: "Ongeza juhudi. Nione." Hakuja kuniona, na mimi sikufuatilia. Nilipolifungua tena kwa ajili ya zoezi hili ndipo nikasoma alichoandika. 84 kutoa 37, jibu 53. 62 kutoa 28, jibu 46. Nikaendelea kushuka na kidole, zote zilikuwa hivyo hivyo. Kila safu alichukua tarakimu ndogo akaitoa kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Nne haiwezi kutoa saba, basi saba itoe nne, tatu. Nane kutoa tatu, tano. Hamsini na tatu. Alikuwa na kanuni, na aliifuata kwa uaminifu mara kumi, kwa mwandiko safi, mistari imepigwa kwa rula. Juhudi niliyomwambia aongeze alikuwa nayo tele. Kilichokosekana ni mtu wa kumwuliza anafikirije.

Ndiyo maana ninasisitiza hatua hii kuliko zote. Kabla ya siku ile ungeniuliza falsafa yangu ningekwambia ninaamini kila mtoto anaweza. Kalamu yangu ilikuwa ikisema: anayekosea ni mvivu.

Hatua ya 4: Andika kauli zako

Kila mwalimu ana maneno yake ambayo watoto huyaigiza akitoka. Waulize wanafunzi wa darasa lako kwa upole: "Mimi nikifundisha napenda kusema nini?" Watakwambia, tena kwa sauti yako. Ongeza na methali unazozitumia.

Methali ni falsafa zilizokwisha kukomaa. *Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe* ina fundisho lake kuhusu nidhamu. *Samaki mkunje angali mbichi* inamwona mtoto kama kitu cha kupindwa na mkubwa, na inasema wakati ni mfupi. *Kuuliza si ujinga* inamfungulia mlango. *Mgeni njoo, mwenyeji apone*, ukiitumia kwa mwanafunzi, inasema mtoto anayeingia darasani amekuja na kitu. Wazee waliotuachia methali hawakuona shida kuziacha zinazopingana, kwa hiyo swali ni moja: wewe unaifikia ipi kwanza ukiwa umechoka, saa ya mwisho, darasa lina kelele? Hiyo ndiyo yako.

Hatua ya 5: Jibu kwa mambo uliyoyafanya

Chukua hali tatu zilizowahi kukukuta. Andika ulichofanya kweli, kisha uongeze "kwa sababu niliamini kwamba..." Kama unakosa pa kuanzia, tumia hizi.

*Mchelewaji.* Mtoto ameingia saa mbili na nusu, viatu vimelowa, amemsaidia mama yake kupanga mchicha soko la Kiboriloni au Kilombero. Ulimfanya nini mlangoni?

*Lugha.* Kidato cha kwanza, somo la sayansi. Mwanafunzi aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili analijua jibu, unaliona usoni, lakini Kiingereza hakitoki. Anaomba aseme kwa Kiswahili. Ulimruhusu? Hapa pana uzito, na nitasema wazi msimamo wangu: mtoto aliyenyimwa lugha ya kufikiria amenyimwa somo. Namruhusu aseme kwa Kiswahili, tunaliandika jibu ubaoni, halafu darasa zima tunalivusha pamoja kwenda Kiingereza, kwa kuwa mtihani utamdai Kiingereza na sina haki ya kumficha hilo. Wapo walimu ninaowaheshimu wanaosema ukilegeza mara moja, hawatajifunza Kiingereza kamwe. Wote tuna sababu zetu. Wewe andika yako.

*Fimbo.* Watu huiruka hii kwenye maandishi ya falsafa, wakati watoto wangeitaja ya kwanza. Ujue kwanza sheria: kanuni za mwaka 2002 zinampa mamlaka ya kuchapa mkuu wa shule, au mwalimu aliyemkasimu kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na adhabu iwekwe kwenye kumbukumbu. Mwalimu anayeingia darasani na fimbo kwapani kila kipindi yuko nje ya kanuni hizo. Baada ya sheria, jiulize imani. Ukiandika "ninaamini darasa ni mahali salama" na fimbo iko juu ya kabati, mojawapo lazima liondoke. Mimi niliondoa fimbo, na miezi miwili ya kwanza ilikuwa migumu, darasa lilinipima kila siku.

Hatua ya 6: Sasa tafuta jina, kwa ufupi

Chuoni mlikariri perenialisimu, esenshialisimu, progresivisimu, rikonstraktionisimu na udhanaishi. Ukiyavua maganda, yanauliza mambo ya kawaida. Wa kwanza wanasema yapo maarifa yasiyozeeka, kazi ya shule ni kuyarithisha. Wa pili wanasema yapo ya msingi ambayo kila mtoto lazima ayajue, kwanza KKK, na mwalimu ndiye mwenye usukani. Wa tatu, wakifuata njia ya John Dewey wa Marekani, wanasema mtoto hujifunza kwa kutenda na kutatua tatizo lililo mbele yake. Yule mwalimu wangu wa mfongo yuko hapa, nadhani bila kujua. Wa nne wanataka shule ibadilishe jamii. Mara nyingi hutajwa pamoja na Paulo Freire wa Brazil, aliyepinga kumgeuza mwanafunzi kuwa chombo cha kuwekea akiba ya maneno ya mwalimu. Wa tano wanamwachia mwanafunzi ajichagulie maana.

Usitafute mbali tu. Azimio la Arusha lilipitishwa mwaka 1967, na Machi mwaka huohuo Nyerere, aliyewahi kufundisha Pugu, akatoa Elimu ya Kujitegemea. Humo alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe ngazi tu ya kwendea sekondari, na alitaka kijana awe na akili ya kudadisi na kujiamini. Wengi tuliosoma baadaye tunakumbuka jembe na shamba la shule, tena mara nyingi kama adhabu, na ule udadisi tukausahau. Na kabla ya hapo, huku mlimani wazee wa Kichagga walifundisha vijana kwa mregho, fimbo iliyochongwa alama, kila alama na fundisho lake. Ukiona imani yako inafanana na hizi, zitaje. Ni zako kwa haki.

Kosa la kawaida hapa ni kuchagua jina kwanza kisha kujikata ili utoshe. Walimu wengi wazuri ni mchanganyiko: wakali kwenye KKK darasa la kwanza, na wenye kuachia hatamu kwenye sayansi darasa la sita. Andika mchanganyiko wako na ueleze mpaka uko wapi.

Hatua ya 7: Andika ukurasa mmoja

Andika kwa Kiswahili kwanza hata kama fomu ni ya Kiingereza. Utafikiri vizuri zaidi, kutafsiri kutafuata. Pitia mambo matano, kwa mpangilio unaoupenda: mtoto ni nani, elimu ni ya nini, mwalimu kazi yake ni ipi, kosa na nidhamu unavyovishughulikia, na kitu ambacho bado kinakusumbua. Kila imani ibebe tukio lake.

Tazama aya hii, ambayo nimeisoma mara nyingi mno:

*Ninaamini kwamba kila mtoto ni wa kipekee na elimu ni ufunguo wa maisha. Mimi ni mwezeshaji, ninatumia mbinu shirikishi zinazomlenga mwanafunzi.*

Jiulize: yuko mwalimu atakayekataa kusaini hapo? Hayupo. Basi aya haijasema lolote juu yako. Sasa hii:

*Ninaamini kosa la mwanafunzi lina sababu, na kazi yangu ni kuitafuta kabla sijaweka alama. Mwanafunzi wangu wa darasa la nne alikosa hesabu kumi za kutoa. Nilipolirudia daftari lake niliona kila mara anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, nikamwita mezani anieleze anavyofanya. Tulitumia mafungu ya vijiti kwa siku mbili. Tangu hapo kila Ijumaa natenga dakika kumi, mwanafunzi mmoja anayejitolea anaeleza ubaoni hesabu aliyoikosa na alivyofikiri. Sijapata bado njia ya kufanya hivi kwa watoto sabini bila wengine kuchoka.*

Aya hii mwalimu mwingine anaweza kuipinga. Anaweza kusema unapoteza dakika kumi. Vizuri, una msimamo.

Maangalizo ya uandishi: usiandike utakachofanya kama vile umekwisha kukifanya. Usitaje jina la mtoto. Usijaze maneno ya mtaala, "umahiri" mara sita kwenye ukurasa mmoja, kwani anayekusoma ameyaona mia. Na usifiche kinachokusumbua, kwa sababu mwajiri makini huanzia hapo mazungumzo.

Hatua ya 8: Mpe mwenzako, kisha ijaribu wiki moja

Yule mwenzako wa ramani asome. Akuulize swali moja tu kwa kila aya: "Hili nimeliona darasani kwako?" Asiloliona, ama lifute, ama uchague kitendo kimoja kidogo cha kulifanya lionekane kuanzia Jumatatu. Kimoja, si vitano. Mimi nilianza na kuuliza nyuma kwanza: swali la kwanza la kila kipindi lilikwenda dawati la dirishani.

Ukikwama

*Nina watoto 90, falsafa gani itakaa humo?* Wingi unakata mbinu nyingi, hilo ni kweli na linaumiza. Lakini hata kwa watoto 90 unachagua nani aulizwe, kosa lipokelewe vipi, na nani asahihishwe kwa maneno. Madaftari kumi kwa siku yenye neno moja la maana, kwa zamu, yatazunguka darasa zima kwa siku tisa.

*Shule inataka ufaulu tu.* Usianze vita. Ziandike zote mbili: mtihani ni haki ya mtoto, maana unamfungulia njia, na hapo hapo onyesha unavyomwandaa bila kumkaririsha. Kama mwajiri anataka kitu ambacho huwezi kukifanya usiku ukalala, ni afadhali mjue wote kwenye usaili.

*Nimegundua falsafa yangu na siipendi.* Umefanya kazi vizuri kuliko wengi. Andika mbili: "ninavyofundisha sasa" na "ninakotaka kufika", na kitendo cha hatua ya 8 kikiwa katikati. Kwa fomu ya kazi, mtu anayeweza kuandika hivyo husomwa kwa makini.

*Rafiki yangu ameipata ya kwake mtandaoni, imekubaliwa.* Inawezekana. Ila ataombwa mfano.

*Kila nikiandika inatoka ndefu, kurasa nne.* Una matukio mengi. Baki na matatu, mengine yahifadhi kwa usaili.

*Ninafundisha chekechea, mambo ya kalamu nyekundu hayanihusu.* Tumia kitu kingine kinachobaki na alama ya mkono wako: upangaji wa chumba. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, alijali sana vifaa viwekwe mahali mtoto anapofikia mwenyewe. Piga magoti mlangoni mwa darasa lako, utazame kwa kimo cha mtoto wa miaka minne. Anachoweza kukichukua bila kukuomba, na asichoweza, viandike.

*Inabadilika kila mwaka, nifanyeje?* Weka tarehe juu ya ukurasa, uubandike ndani ya jalada la faili lako la maandalio. Likizo ya Desemba, madaftari yakiwa yamerudi na mambo yametulia, chukua matano mengine uanzie tena hatua ya 3.